Mikono ya Mama Ndani ya Kitenge

Mdogo wangu alizaliwa akisikia. Mama alilisema hilo kwa kila mtu aliyekaa naye zaidi ya kikombe kimoja cha chai, kana kwamba kuna aliyembishia. Alikuwa akigeuka ukimwita, na alishaanza kutamka baba. Kisha homa ikamshika, ile inayokaza shingo za watoto, na ilipomwachia ilikuwa imeondoka na masikio yake. Ile sauti kidogo aliyokuwa nayo nayo ikanyamaza, taratibu, bila sisi kujua siku gani hasa.

Tulikaa Gisenyi, mji wa ziwani mpakani na Kongo, mtaa ambao wenyeji waliuita wa Waswahili, yaani sisi Waislamu wa maduka na vyerehani. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wako madarakani, na baba alikuwa fundi cherehani katika baraza la duka la Mwarabu mmoja. Mtu mwenye mtoto kama wetu hakuwa na pa kumpeleka. Shule zilikuwa za misheni, na hata wale misheni wenyewe hawakuwa na darasa la kiziwi pale mjini. Mama alimpeleka chuoni kwa mwalimu wetu wa Kurani. Mwalimu akamtazama, akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, mtoto asigeuke. Akasema, "Huyu atasoma nini, mama? Murudishe nyumbani, Mungu hamudai kitu." Alisema kwa upole, nami ule upole ndio ulionichoma. Mimi nilikuwa mkubwa kiasi cha kuelewa kwamba mtu anaweza kufungiwa mlango kwa maneno matamu.

Basi mama akawa ndiye shule.

Sijui alianzaje. Ninachokumbuka ni kwamba nyumba yetu ilijaa mikono. Baba alikuwa mkono unaozungusha gurudumu la cherehani. Shangazi, dada yake baba, aliyeishi nasi na kunusa ugoro mchana kutwa, alikuwa vidole viwili puani, na yeye mwenyewe hakuipenda ishara hiyo hata kidogo. Ijumaa ilikuwa viganja viwili vinavyopangusa uso. Mvua ilikuwa kidole kinachoelekezwa kwenye milima ya moto, kwa sababu mawingu yetu hutokea huko. Mimi nilikuwa mdomo uliovutwa mbele, maana nilikuwa mtoto wa kununa, na bado ni mtu wa kununa, sikatai. Mama akiongeza neno asubuhi, ikifika jioni sote tunalo. Hata mama mmoja wa kijiji cha Mudende aliyetuletea maziwa, asiyejua Kiswahili zaidi ya kusalimia, alikuwa na maneno yake na mdogo wangu, wakachekeana mlangoni kwa mikono huku sisi tukisubiri maziwa yamiminwe.

Sokoni watu walimwita *ikiragi*, ndivyo Kinyarwanda kinavyomwita bubu, na wengine wakisema "Yoo!" kwa huruma huku wakimpa kiazi kimoja cha ziada. Mdogo wangu alichukua kiazi. Hakujua alivyoitwa, naye hakuwa bubu hata kidogo. Alikuwa msemaji kuliko sisi wote. Alikuwa akisimulia yaliyotokea ziwani, mvuvi gani kaanguka majini, nani kagombana na nani kwenye bei ya samaki, na alimwigiza kila mmoja mpaka baba akaacha cherehani ili amwangalie.

Kulikuwa na ishara moja tu ambayo haikuwa yetu sote. Asubuhi, kabla ya watu kuamka, mama alikuwa akija kukaa ukingoni mwa kitanda chetu. Anaweka ngumi kifuani pake, anaishikilia hapo kidogo, kisha anaileta chini ya kidevu cha mdogo wangu na kuifungua. Mdogo wangu anaushika ule mkono uliofunguliwa kwa mikono yake miwili, anaufunga tena, kidole baada ya kidole, na wote wawili wanacheka. Nami nimelala kando, macho nusu wazi, nimenuna. Sikuuliza maana yake. Niliona wivu, na mwenye wivu haulizi.

Aliyeleta habari za shule alikuwa masera mmoja, Mzungu aliyefanya kazi kwenye zahanati ya misheni; masera ndivyo tulivyowaita watawa wa kike. Mdogo wangu alipelekwa pale kwa kidonda cha mguu. Masera alimchezea kengele pande zote, akamchezesha kwa vijiti vya rangi na vikombe, kisha akaja mpaka nyumbani kwetu kwa miguu, jambo ambalo halikuwahi kutokea mtaani. Akaketi kwenye mkeka wetu, magoti yake yakimsumbua.

"Mama," akasema, "mutoto yako akili iko muzuri sana. Ni masikio tu ndiyo ilikufa. Iko nyumba ya masera wenzangu, kule mwisho wa ziwa, upande wa Kongo. Wanafundisha batoto ba hivi kusema."

Mama aliacha kupepeta mchele.

"Kusema na kinywa?"

"Na kinywa. Sawa watu wote."

"Ataniita mama?"

"Atakuita mama."

Nilimwona mama akiinamia ungo, akitafuta changarawe katika mchele uliokwisha kuchambuliwa. Alikuwa mtu wa kucheka, lakini siku ile hakucheka. Toka homa ile, hakuna aliyejua kwamba bado alikuwa anasubiri kuitwa.

Baba hakukataa, wala hakukubali. Alikwenda kuuliza wakubwa wa msikiti, na kwa siku kadhaa baraza letu likawa bunge. Kila mtu alijua kinachotokea kwa watoto wanaolala kwa masera. Wanaingia Halima wanatoka Mariya, wanarudi na msalaba shingoni na jina ambalo bibi yao hawezi kulitamka. Yalizungumzwa maji ya ubatizo, ikazungumzwa misa, na zaidi ya yote akazungumzwa nguruwe. Mpaka leo sijasikia mnyama akijadiliwa kwa kirefu namna ile na watu ambao hawajawahi kumgusa. Mama alipita katikati yao na birika la chai, hakuulizwa kitu.

Masera aliporudi, baba alikuwa amejitayarisha. Alivaa kanzu.

"Bon," akasema, "mi nakubali. Lakini iko mambo. Musimubatize. Jina yake musiibadilishe. Na nyama ya nguruwe asikule, hata muchuzi yake."

"Nakubali," masera akasema.

Shangazi akatoa kichwa chumbani. "Na sala? Munamuachia asali?"

"Tutamuachia. Naahidi mbele ya Mungu."

Baba akawatazama wazee wa msikiti waliokaa naye, wakaitikia kwa vichwa, na ndivyo mambo yalivyokwisha. Walilinda kila mlango waliouona. Mikono haikumjia mtu akilini. Nani angefikiri kumwuliza mtu, mikono ya mtoto wangu mtaifanya nini?

Mdogo wangu akaondoka na meli, akiwa na sanduku la bati na gauni mbili alizoshonewa na baba. Mpaka meli inaachia gati alikuwa akitusimulia: meli kubwa, maji mengi, yule mwanaume ana tumbo, mimi nitarudi. Mama alimjibu kutoka nchi kavu mpaka wasionane tena. Kwa wengine kuagana kuliisha pale meli ilipochukua sauti zao. Wao wawili waliendelea kuzungumza muda mrefu baada ya hapo, na watu gatini wakawatazama.

Tulidhani atakuja likizo. Masera wa zahanati akatueleza kwamba wenzake wameona afadhali mtoto akae hukohuko miaka ya kwanza, asije akasahau kazi. Mama akauliza kazi gani. Masera akachana kipande cha karatasi, akakiweka mbele ya midomo yake, akasema *pa*, karatasi ikaruka. Akachukua mkono wa mama akauweka kooni pake, akasema *ma*, na mama akasikia koo la yule mwanamke likitetemeka. Hivyo ndivyo wanavyofundishwa, akasema, siku nzima, sauti moja moja, na kusoma midomo ya mwalimu. Mama alirudi nyumbani akaninyanyulia karatasi mdomoni kutwa nzima, *pa, pa, pa*, anacheka.

Baba alikwenda kumtembelea mara moja, na kitambaa cha Idi mkononi. Aliporudi alikuwa na furaha ambayo sikuizoea kwake. Wamemtunza. Hana msalaba. Jina lake ni lilelile. Jikoni wanampikia maharage siku ya nyama, na saa ya sala anaachwa na mkeka wake.

"Na darasani?" mama akauliza. "Wanakaa namna gani?"

"Adabu tupu," baba akasema. "Wanakaa mikono nyuma, hivi, hakuna mwenye kucheza. Utasema wako msikitini."

Mama akauliza mtoto alimwambia nini alipomwona. Baba akasema mtoto alimpa mkono na kusema *bonjour*, na kwamba sauti yake ilikuwa nzito kidogo, lakini ilieleweka. Baba alilirudia lile *bonjour* mtaa mzima.

Mdogo wangu alirudi miaka kadhaa baadaye, amerefuka, masera mmoja wa ile shule amemsindikiza. Tulimpokea gatini. Mama alikuwa amejifunga kitenge kipya, na tangu alfajiri alikuwa amesema atasubiri, hatamkimbilia, atamwacha aseme mwenyewe. Mdogo wangu alishuka, akasimama mbele yake, mikono nyuma. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua gunia.

"*Maman*," akasema.

Ilikuwa sauti ya kisimani, isiyo na juu wala chini. Mama alipiga kigelegele ambacho wavuvi waligeuka kukiangalia. Akamshika uso, akalia, akasema, "Ameniita! Mumesikia? Ameniita!" Nami nililia, sitaki kudanganya. Katika habari hii yote siku ile ndiyo iliyokuwa ya furaha, na sipendi mtu aje kuniambia leo kwamba haikuwa furaha ya kweli.

Kisha mama, katika furaha ile, akafungua mikono akaanza kuuliza yote kwa pamoja: umekula, umechoka, nani alikusuka nywele hizi. Yule masera akaishika mikono ya mama, polepole, akaishusha.

"Mama, kitu moja. Nyumbani, mikono hapana. Mukimuongelesha na mikono, kinywa yake italala. Kazi yote ya miaka hii itapotea. Mumuongeleshe na kinywa tu. Donc, mama, umenisikia?"

"Nimesikia, masera," mama akasema.

Alikuwa mwanamke wa kutimiza alichosema. Kuanzia siku hiyo alizungusha mikono yake ndani ya kitenge, akaifunga hapo tumboni kama mtu mwenye baridi. Majirani walidhani anaumwa.

Alikaa mbele ya mdogo wangu akasema naye kwa kinywa, taratibu, kwa Kiswahili chetu. Mdogo wangu akamtazama midomo. Alimtazama kwa bidii, kama alivyofundishwa, paji la uso limekunjamana, na hakuelewa hata neno. Alikuwa amefundishwa Kifaransa. Midomo aliyoijua ilikuwa ya masera, na ilisema *pain*, mkate, na *table*, meza, na *il fait beau*, leo kuna hali nzuri. Ya mama ilisema njoo mwanangu. Kwa mtoto yule midomo ya mama haikuwa na kitu. Baba alijua *bonjour* na *merci*, basi. Mimi sikujua hata hayo vizuri. Tulikuwa na mtoto anayesema, akisema peke yake katikati ya nyumba yetu.

Sikuvumilia. Nilimvuta uani, nikamfanyia mdomo uliovutwa mbele, jina langu, nikamfanyia gurudumu la cherehani, nikamfanyia mvua. Alinitazama. Kitu kikapita usoni mwake, nikadhani kimerudi, kisha akashtuka na kuangalia mlangoni, na mikono yake ikaenda nyuma yenyewe. Mama wa Mudende alipoleta maziwa alimfanyia salamu yao ya zamani, akicheka. Mdogo wangu aligeuza uso kwa aibu. Yule mama akabaki na kibuyu chake mkononi. "*Bamugize bate?*" akaniuliza, yaani wamemfanya nini. Nikampokea kibuyu nikaingia ndani kumimina maziwa.

Mama hakukata tamaa, nami ningependa angekata, ingenipunguzia uchungu. Aliamua kujifunza Kifaransa. Mwalimu aliyempata alikuwa dereva wa lori wa mtaa jirani wa Mbugangari, aliyejifunza lugha hiyo kwa kutukanwa na Wazungu. Alimfundisha aliyoyajua: *avance*, songa mbele; *recule*, rudi nyuma; *attention*, angalia; *doucement*, polepole. Basi mama akawa anamsukumia mtoto sahani ya ugali huku akisema *avance*. Akimwona na kikombe cha moto, *doucement, doucement*. Shangazi alicheka mpaka ugoro ukammwagikia, nasi tukacheka naye. Lakini hilo *doucement* mdogo wangu alilisoma. Alitabasamu, akanywa chai polepole. Likawa neno lao. Mama alilitumia kwa kila kitu, kwa kumwamsha, kwa kumlaza, kwa kumwita ale. Mwanamke aliyekuwa ametunga lugha nzima alibaki na neno moja, tena la lori.

Mahali pamoja tu miili yao ilielewana. Wakati wa sala mdogo wangu alisimama nyuma ya mama, akainama alipoinama, akasujudu aliposujudu, na mwisho wote wawili walifungua viganja. Hapo mikono iliruhusiwa. Nilikuwa nikiona mama akirefusha dua kuliko zamani, viganja wazi, na mtoto nyuma yake viganja wazi, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuvishusha.

Mama alianza kukohoa mwanzoni mwa masika. Alikohoa akipika, akakohoa akikaa, kisha akawa wa kulala. Zahanati walimpa walichokuwa nacho. Sauti ilimwisha kabla ya nguvu nyingine, na siku za mwisho alikuwa akifungua mdomo ikatoka hewa tu.

Ilikuwa mchana, jua limejaa mlangoni, cherehani ya baba imenyamaza. Baba alikuwa chini ukutani na tasbihi. Shangazi alikuwa na kitambaa cha maji. Mdogo wangu alisimama kando ya kitanda, mikono nyuma, akimwangalia mama midomo.

Mama akafungua kitenge. Mikono ikatoka, myembamba, sikuwa nimeiona vizuri muda mrefu. Akaweka ngumi kifuani. Akaishikilia hapo. Kisha akaileta, kwa taabu, mpaka chini ya kidevu cha mdogo wangu, na akaifungua.

Mdogo wangu hakuutazama mkono. Aliinama karibu zaidi, macho kwenye midomo ya mama, akingoja isogee. Paji lake lilikunjamana kwa bidii. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Mkono ulikuwa chini ya kidevu chake, wazi, ukimngoja, na yeye akaingoja midomo, na midomo haikusogea.

Haukuwa mkono wangu wa kuufunga. Nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka kwamba hakuna ambaye angenisikia kati ya wale wawili, mmoja hasikii na mwingine alishaanza kwenda. Shangazi aliuchukua ule mkono akaulaza juu ya kitenge. Mama aliondoka kabla ya alasiri. Wanaume walimchukua kwenda kumzika, nasi wanawake tukabaki nyumbani, kama ilivyo. Mdogo wangu aliwafuata mpaka mlangoni na akasema kwa sauti ile ya kisimani, "*Doucement*." Wabebaji hawakujua anamwambia nani.

Sikuwachukia masera. Nilijaribu, sikuweza. Walitimiza kila ahadi waliyoiweka mbele ya Mungu, na yule wa zahanati alikuja kukaa msibani akalia kuliko jamaa zetu wengine. Waliona mdomo wa mtoto umefungwa wakataka kuufungua. Siku hizi nasikia kuna shule ambako viziwi hufundishwa kwa mikono yao, na wazazi huitwa kuja kujifunza pamoja na watoto. Nikisikia hivyo nafurahi, halafu naingia ndani nakaa peke yangu, kwa sababu nakasirika sana.

Mdogo wangu hakurudi shule. Alikaa nasi, akashika cherehani ya baba, na mimi nikaanza kumrudishia. Ilichukua miaka. Nilimfundisha lugha ya mama yake kama mtu anavyofundishwa lugha ya kigeni, neno moja moja: hii ndiyo mvua, hii Ijumaa, hivi ndivyo alivyomwita shangazi. Mikono yake ilikuwa mizito mwanzoni, ilikimbilia nyuma kila mlango ulipolia. Kisha ikalegea. Leo sisi ni wazee wawili tunaogombana kwa mikono jikoni, na tukigombana mimi ndiye ninayenuna.

Ile moja niliichelewesha. Siku moja mvua inanyesha, tumekaa tu, nikaona kama nitakufa nayo. Nikaweka ngumi kifuani, nikaishikilia, nikaileta chini ya kidevu chake nikaifungua. Akautazama mkono wangu, akanitazama mimi. Nikamwonyesha sehemu yake: unaushika kwa mikono miwili, unaufunga, kidole baada ya kidole. Akaufunga vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Nikamweleza kwamba mama alimfanyia hivyo kila asubuhi, na kwamba alimfanyia siku ile ya mwisho.

Alikaa na mkono wangu ndani ya mikono yake. Kisha akauachia ili aweze kuniuliza, na akaniuliza maana yake ni nini.

Nikamwambia sijui. Nikamwambia yeye ndiye aliyekuwa akijua.